Kumsomea Mtoto Adili na Nduguze

Liwali amesifika nchi nzima kwa uadilifu. Kodi ya jimbo lake imechelewa, mfalme ametuma mtu kuifuata, na mgeni huyo amelazwa nyumbani kwa liwali mwenyewe. Usiku wa manane mwenyeji anaamka, anashika kiboko, anawaendea manyani wawili waliofungwa na kuwacharaza mpaka wanapiga mayowe. Akimaliza anawabembeleza, anawapa chakula, anawaomba radhi. Na yeye mwenyewe analia.

Msomee hayo mtoto wa miaka tisa, kisha umwambie alale kama atalala.

Hilo ndilo fumbo analolitega Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kitabu chembamba kilichotoka mwaka 1952. Wengi wetu tulikutana nacho darasani, tukakisoma kwa ajili ya mtihani: taja wahusika, eleza dhamira. Ni njia nzuri ya kukichukia. Mimi nakishauri kwa mzazi mwenye mtoto aliyekwisha kuchoka na vitabu vya picha lakini bado anataka majini, merikebu na miji iliyolaaniwa. Tena nashauri kisomwe kwa sauti, kitandani, kidogo kidogo, maana kumsomea mtoto ni ufundi, na kitabu hiki kinaufundisha kuliko vingi nilivyojaribu.

Zipo tafsiri pia, wala sizibezi. Kisiwa chenye Hazina kingali kinasomeka, na Elisi katika Nchi ya Ajabu kilikuwa na Kiswahili chake tangu mwaka 1940. Lakini tafsiri nyingi hunikwaza mdomoni. Jicho linapita vizuri, ulimi unagonga. Shaaban Robert ni kinyume chake. Ukimsoma kimyakimya anaweza kukuchosha, kwa kuwa sentensi zake ni ndefu na zimepangwa kwa mizani, neno likijibiwa na neno, kirai kikijibiwa na kirai. Mshairi huyu hakuuacha ushairi mlangoni alipoingia kwenye nathari. Zitamke sentensi hizo, utaona zinajibeba zenyewe.

Ila zinataka pumzi, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Sentensi ndefu ni ndoo ya maji kichwani: anayeitazama miguu yake humwaga. Jicho sharti litangulie ulimi kwa mstari mzima, ili ujue mapema kitenzi kikuu kiko wapi na sauti itatua wapi. Pumzi huvutwa kabla ya kuanza, kwenye nukta iliyopita. Ukikatika katikati, mtoto husikia vipande viwili visivyohusiana, na papo hapo anaanza kuchezea chandarua.

Maneno magumu yasikutishe. Kiswahili cha kitabu hiki ni cha juu, na mtoto hatakijua chote. Usisimame kueleza neno wakati watu wanafukuzana. Likiwa na uzito litarudi kurasa mbili mbele, na safari hiyo mtoto atakuwa amekwisha kulikisia. Anachoshika kwanza ni mwendo wa lugha, yaani jinsi watu wenye adabu zao wanavyokasirika, wanavyosihi na wanavyoahidi.

Halafu kuna sauti za wahusika. Wazazi tuna tabia ya kutia mbwembwe: mbaya anakoroma, jini anavuma kama bati kwenye upepo. Hapa haihitajiki. Mwandishi amewaita watu wake kwa majina yanayowavua nguo tangu mlangoni. Nduguze Adili, yule liwali, ni Hasidi na Mwivu, na mtoto yeyote anajua cha kutarajia kwao. Kwa hiyo Hasidi nimempa sauti laini kuliko wahusika wote. Anapomlilia ndugu yake baada ya kuponda mali ya urithi, namsoma polepole, kwa unyenyekevu, kama mtu aliyetubu kweli. Mwanangu alikaa kitako akapiga kelele: "Usimwamini!" Adili hakumsikia. Akawapokea nduguze, akagawana nao mali yake, wakaipoteza hiyo nayo, akawapokea tena.

Nadhani siri ya kitabu iko hapo. Siku hizi tunaamini hadithi ya kusisimua ni ile inayomficha msomaji jambo. Shaaban Robert anamficha jambo moja tu, sababu ya viboko, na mengine yote anamwachia mtoto ayaone kabla Adili hajayaona. Mtoto anabaki na kazi ya kuonya. Masimulizi yetu ya mdomo yamempa msikilizaji kazi tangu zamani: bibi husema paukwa na watoto wakajibu pakawa, na bila jibu hilo hadithi haianzi. Kitabu kilichochapwa hakina pakawa. Msomaji ndiye wa kuifungulia nafasi, na namna ya kuifungua ni kunyamaza. Kabla nduguze hawajamtosa Adili baharini, nyamaza kidogo. Usimtazame mtoto usoni. Atasema tu.

Mahali pa kukatia usiku napo panahitaji akili. Sura haikuandikwa kwa saa ya kulala ya nyumba yako. Mimi hupitia kurasa za usiku mchana, nikiwa jikoni, natafuta pale ambapo swali limekwisha kuulizwa na jibu halijaja. Adili anapoingia katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, kisha ikaonekana kwamba yumo mmoja aliye hai, usiendelee. Funga kitabu. Utalaumiwa, lakini kesho yake meno yatapigwa mswaki bila kusukumana.

Sitaki kumpamba mwandishi kupita kiasi. Shaaban Robert anahubiri. Akipata upenyo kidogo anaisimamisha merikebu baharini akatoa nasaha juu ya wema, subira au utawala. Kuna wanaoruka kurasa hizo. Mimi siruki, naongeza mwendo na kushusha sauti, ili nasaha ipite kama mazungumzo ya watu wazima yanayosikika kutoka sebuleni. Huwa linabaki neno moja au mawili. Na nasaha nyingine zina kazi katika hadithi. Mfalme Rai anasifiwa kwa huruma yake kwa wanyama, na msikilizaji asipokuwa amelisikia hilo vizuri hataelewa kwa nini kiboko cha liwali ni kosa zito, wala kwa nini Ikibali, yule mjumbe wa kodi, anarudi kwa mfalme na habari inayomtetemesha.

Fumbo lenyewe ni kongwe. Katika Alfu Lela Ulela yupo liwali wa Basra, Abdallah bin Fadhil, anayewapiga kila usiku mbwa wawili ambao ni nduguze walioadhibiwa na jini, na anayemtaka ajieleze ni Harun al-Rashid. Shaaban Robert aliwachukua mbwa akawafanya manyani, akahamishia mambo katika nchi isiyo kwenye ramani. Lakini badiliko kubwa liko mwishoni. Ndugu wa Basra wakisamehewa na kurudishiwa umbo lao, wanarudia husuda ileile na kujaribu kumwua Abdallah. Hasidi na Mwivu, baada ya Mfalme Rai kuwaombea kwa mfalme wa majini, wanarudi kuwa watu na kutubu. Mwandishi aliyeandikia vijana aliamua kwamba toba inawezekana, akaifuata mpaka mwisho.

Mwanangu hakukubali. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilitegemea afurahi, naye akanuna.

"Mama, sasa wakirudia?"

Nikamwambia wameapa.

"Hata wale waliapa mwanzo."

Nikasema mfalme mwenyewe amewadhamini. Akafikiri, akauliza kama mfalme alikuwepo kule merikebuni walipomtosa Adili. Habari ya Basra sikuigusa, ningekuwa nimempa ushahidi. Tukabishana mpaka taa ya chumba cha pili ikazimwa, na hoja zikamwishia mmoja wetu, si yeye. Mwishowe akanipa masharti: wangeachwa manyani mpaka Idi, bila viboko, wapewe ndizi, ndipo waulizwe tena.