Mkwaruzo na Mkono wa Mdakaji

Mwamuzi wa besiboli ana ishara moja ambayo wageni wengi wa mchezo huu huiona na kuipita. Huinua mikono mbele ya kifua, kiganja kimoja kikafuta mgongo wa mkono wa pili mara moja au mbili, kisha hukunja ngumi kutangaza straiki. Anasema hivi: gongo limeugusa mpira, ila kidogo mno, na mdakaji ameushika. Hilo la mwisho ndilo lililoamua hukumu.

Wachezaji huuita mguso huo fauli tipu. Mimi nitauita mkwaruzo. Sheria yake ni fupi. Mpira ukitoka kwenye gongo kwa kasi na moja kwa moja hadi kwa mdakaji, naye akaushika kabla haujagusa ardhi, ni straiki, sawasawa na kama mpigaji angekosa kabisa. Na mpira unabaki hai: mkimbiaji aliyeko kituo cha kwanza anaweza kukiiba cha pili, na mdakaji anaweza kumrushia mwenzake mpira ili amnase njiani. Ukimponyoka, mambo yote yanageuka. Hiyo sasa ni faulo ya kawaida, mpira umekufa, na wakimbiaji wanarudi walikotoka. Tofauti huuma zaidi mpigaji anapokuwa na straiki mbili, maana ya tatu humtoa. Kwa kawaida faulo haiwezi kumtoa. Anaweza kupiga faulo kumi mfululizo na bado yuko pale pale, anamchosha mrushaji. Mkwaruzo ulioshikwa unamtoa papo hapo.

Yale maneno ya kasi na moja kwa moja hayakuwekwa bure. Mpira uliopanda juu kwa tao, mdakaji akaufuata na kuudaka, ni habari nyingine: huo humtoa mpigaji hata kama hana straiki hata moja. Mkwaruzo haupandi. Mpigaji amepishana na mpira kwa upana wa kucha, na mpira umeendelea na safari yake kana kwamba haukusikia kitu.

Naipenda sheria hii kwa sababu inautambua ufundi ambao mtazamaji aliyekaa mbali hauoni. Mguso ni ule ule, mpigaji ni yule yule, na kosa lake halikuzidi wala kupungua. Akiwa na straiki mbili, kinachoamua kama anatoka au anabaki ni glavu ya mtu aliyechuchumaa nyuma yake.

Tazama jinsi kazi yenyewe ilivyo ngumu. Warushaji wa ligi kuu ya Marekani hurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na wengine hupita hapo. Hiyo ni takriban mita 40 kila sekunde. Kutoka gongo lilipoukwaruza hadi kwenye glavu pana kama mita moja, kwa hiyo safari hiyo inachukua moja ya arobaini ya sekunde. Jicho la binadamu kuona na mkono kuitikia huhitaji karibu moja ya tano ya sekunde. Hakuna mdakaji, awe hodari namna gani, anayeuona mkwaruzo kisha akausogelea. Golikipa wa penalti angalau huchagua upande akaruka; mdakaji hana hata nafasi ya kuchagua. Ameushika kwa sababu glavu ilikuwa tayari mahali pake, kabla gongo halijaanza kuzunguka.

Ndiyo maana mafunzo yake ni ya kutulia. Mpira ukipinda nyuzi tano tu baada ya kuguswa, kwa umbali wa mita moja utakuwa umehama sentimita tisa hivi. Glavu iliyowekwa sawa bado inaumeza. Mdakaji aliyeupokea pembezoni mwa glavu, au aliyeuchoma mkono mbele kwa pupa, ameshaupoteza. Kiwiko hakikazwi, kifundo cha mkono kinabaki laini ili mpira ukifika usiruke nje. Na macho hayafumbwi. Hili la macho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa gongo linapita mbele ya uso kwa nguvu zote za mtu mzima, na mwili wa kila mtu huagiza kope zifunge. Mdakaji huufundisha mwili wake kuikataa amri hiyo, na huufundisha kwa miaka.

Katika karne ya 19, mdakaji alisimama mbali nyuma ya mpigaji, mara nyingi akingoja mpira udunde. Kidogo kidogo alisogea chini ya gongo, na mikwaruzo ikaanza kumpiga usoni. Mwaka 1877 Fred Thayer wa Chuo Kikuu cha Harvard alichukua wazo la barakoa ya wacheza vitara akaunda ya waya kwa ajili ya mdakaji wa timu yake, James Tyng. Mwaka 1907 Roger Bresnahan wa New York Giants akaingia uwanjani na kinga za miguu. Watazamaji wa siku zile walimcheka, lakini leo hakuna mdakaji anayechuchumaa bila kinga hizo.

Sheria nayo ilikuwa bado inatafuta umbo lake. Katika miaka ya 1880 mkwaruzo ulioshikwa ulimtoa mpigaji moja kwa moja, awe na straiki ngapi. Connie Mack, mdakaji ambaye baadaye aliiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka 50, alijulikana kwa kuiga mlio wa mpira unaokwaruza gongo wakati mpigaji alipokuwa amekosa kabisa, na mwamuzi akadanganyika. Sina hamu ya kuusifu ujanja huo. Ufundi wa mdakaji una heshima ya kutosha bila kuongezewa uongo, na waliobadilisha sheria walifanya vyema. Mkwaruzo uliondolewa uzito ule, na kuanzia 1895 ukawa straiki.

Mkono usio na glavu ndio uliolipa zaidi. Kwa miongo mingi wadakaji walishika kwa mikono miwili, ule wa kurushia ukiwa wazi pembeni ya glavu, na mpira uliopinda ghafla uliwavunja vidole. Ukimwona mdakaji mzee ana vidole vilivyopinda kama mizizi, umeshaisoma kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Randy Hundley wa Chicago Cubs na Johnny Bench wa Cincinnati Reds waliutumia mkono mmoja tu, kwa glavu inayokunjika kama bawaba, na mkono wa pili wakauficha. Wakosoaji waliona ni uvivu. Mimi naona ni hatua kubwa ya akili, kwani glavu ililazimika kuutosha mpira peke yake.

Kichwa hakina pa kufichwa. Mike Matheny, mmoja wa wadakaji bora wa kizazi chake, alitangaza kustaafu mwaka 2007 kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo iliyotokana na mipira iliyokwaruzwa kuigonga barakoa yake. Mpira ulioikosa glavu huandikwa kama faulo tu, na mchezo unaendelea.

Sheria ina upole wake pia. Oktoba 1941, katika fainali za World Series, Mickey Owen wa Brooklyn Dodgers alibakiza straiki moja mchezo uishe kwa ushindi. Tommy Henrich wa Yankees akapiga hewa, mpira ukampita Owen, na kwa kuwa straiki ya tatu haikushikwa, Henrich alikimbia hadi kituo cha kwanza. Yankees wakashinda mchezo, na kesho yake ubingwa. Lau gongo la Henrich lingeukwaruza mpira ule hata kwa unywele, ingekuwa faulo: Henrich angerudi kusimama pale pale, na Owen angepata mrusho mwingine.

Afrika Mashariki ina mdakaji wake wa kutazamwa. Dennis Kasumba wa Uganda alijifunza kuchuchumaa na kupokea kwa kutumia matairi makuukuu na vifaa vya kujiundia, video za mazoezi yake zikaenea duniani, na mwaka 2023 aliichezea timu ya Frederick Keys huko Maryland. Katika video hizo hakuna mbwembwe. Unaona kijana akirudia kuiweka glavu pale pale, tena na tena, mpaka mkono usihitaji kuulizwa.

Na anahitaji mkono wa namna hiyo, maana mkwaruzo ulioshikwa haumpi muda wa kufurahi. Mpira ungali hai. Kama mkimbiaji ameshaondoka, mdakaji anapaswa kuuhamisha kutoka kwenye glavu, kusimama, na kuurusha karibu mita 39 hadi kituo cha pili, vyote katika sekunde mbili hivi, na masikio yake bado yanavuma kwa ule mlio wa gongo.