Piga Magoti Kabla ya Kusifu Paa

Ukiletewa kijumba cha mezani uambiwe ukitie thamani, usikitazame kwa juu. Piga magoti, jicho liwe sawa na meza, kisha angalia pale ukuta unapokutana na ardhi. Hapo ndipo mafundi wengi hukamatwa.

Vijumba ninavyovizungumzia ni vya michezo ya vita ya mezani: askari wa kimo cha milimita 28 hivi, rula, dadu, na uwanja uliojengwa kwa mkono. H.G. Wells aliuandikia mchezo wa aina hii kitabu mwaka 1913, na tangu hapo makanisa, mashamba na magofu ya Ulaya yamejengwa mezani mara zisizohesabika. Mimi nilitaka msonge wa Ntuzu, huku Bariadi, na tembe la Unyanyembe, upande wa Tabora. Hivyo nilianza na boksi tupu, gundi ya mbao na kisu.

Turudi kwenye mguu wa ukuta. Mvua ya Bariadi haidondoki kwa adabu. Inapiga ardhi na kurusha tope ukutani. Doa hilo hupanda kama nusu mita, na kwa kipimo cha askari hao, 1 kwa 56, hiyo ni milimita 9. Kwenye udongo wa mbuga doa ni jeusi, kwenye mchanga wa luseni limepauka. Tena ukuta wenyewe umekandikwa kwa udongo uliochimbwa hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo rangi yake na rangi ya ua ni ndugu. Nikiona ukuta wa hudhurungi safi umesimama juu ya ardhi nyekundu kama tofali, najua fundi alipaka nyumba siku moja na ardhi siku nyingine bila kuzikutanisha. Kazi nzuri haina mstari pale chini. Ukuta unatoka ardhini, haukuwekwa juu yake.

Sasa paa, na hapa nitakaa kidogo, maana msonge ni paa. Nyasi halisi ni nyembamba. Ukizipunguza mara 56 zinabaki kama unywele. Msonge wangu wa kwanza niliuezeka kwa njiti za ufagio wa chelewa, nikajisifu, mpaka nilipomweka askari mlangoni: kila njiti ilikuwa nene kama mkono wake. Nilibomoa. Siku hizi natumia nyuzi za katani, nazichana kwa kitana cha zamani mpaka zilegee, nakata vifungu vya sentimita mbili, nabandika kuanzia chini kupanda juu, safu ikilalia safu. Kipimo cha kuhukumu ni rahisi: chagua tone moja la mvua kwa jicho, liachie kwenye kilele, ulifuate. Likiweza kuteleza hadi ukingoni bila kukuta mdomo wa nyasi unaotazama juu, huyo fundi anaijua nyumba. Likinaswa katikati, wenye nyumba wangelala wamelowa.

Halafu rangi. Karibu kila msonge wa mezani niliowahi kushika umepakwa njano ya dhahabu, kana kwamba umeezekwa jana. Nyasi hukaa na rangi hiyo muda mfupi sana. Misimu ya mvua ikishapita huwa kijivu, na kwa kuwa nyumba haina dohani, moshi wa jiko hupenya kwenye nyasi zenyewe na kuzitia giza. Tafuta giza hilo karibu na kilele, likififia kushuka. Fundi aliyelikumbuka amekumbuka kwamba ndani kuna mtu anapika.

Mlango unaleta ubishi, na upande wangu naujua. Mlango wa msonge ni mfupi, mtu huinama kuingia. Askari wa mezani hainami, tena anasimama juu ya kitako cha milimita mbili au tatu. Basi mafundi hupandisha mlango ili apite wima, na nyumba ya Msukuma inapata mlango wa benki. Sikubali. Mlango ubaki mfupi, paa litoke lote, askari aingizwe kwa juu. Mchezo haupungui kitu, na nyumba inabaki nyumba.

Asiyeamini vipimo vyangu apande basi Bariadi, apite Lamadi na Magu, ashukie Kisesa aende Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Aende na futi kamba, aombe ruhusa, apime mlango, upana wa ukuta na umbali wa paa kutoka ukutani. Jioni moja ya kupima inashinda picha mia.

Tembe ni mtihani wa aina nyingine. Paa lake ni bapa na limebeba udongo, kwa hiyo uzito ndiyo hadithi yake yote. Lifunue utazame chini. Kuna nguzo? Kuna miti mikubwa, kisha fito zilizokingama juu yake? Nje, ncha za miti zichomoze ukutani kwa urefu usiolingana, maana shoka halikatagi kama msumeno wa kiwandani. Tembe la Kwihara karibu na Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872, linafaa kutazamwa kwa hilo. Na anayetaka kuicheza Januari 1893, Wajerumani walipolivunja boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, azingatie unene: ukuta wa boma ukitengenezwa kwa karatasi moja ya boksi, hata mchezaji mgeni atajiuliza ulizuiaje risasi. Bandika tatu au nne, na unene uonekane kwenye kila tundu la bunduki.

Kwa mawe, mfano wangu ni Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani huko Serengeti, ambayo kikosi cha Mjerumani Heinrich Naumann kiliishikilia mwaka 1917. Mawe yake nayachonga kwa chaki zinazotengenezwa Maswa, hapa hapa mkoani. Kipande cha milimita tano kinasimama badala ya jiwe la sentimita 28, na chaki huvunjika kwa kingo za ovyo ovyo kama jiwe lenyewe. Isipopakwa gundi iliyozimuliwa kwa maji hugeuka unga mkononi, basi pitisha kidole: kikitoka cheupe, kazi haijaisha. Kisha nenda kwenye kona. Mwashi hupishanisha mawe, moja refu huku, linalofuata refu kule. Ukikuta nyufa zimepangana wima kutoka juu hadi chini, ukuta huo usingevuka masika moja.

Uzio wa minyaa nausamehe ukiwa na kasoro; ni mgumu kuiga, na vijiti vya kijani vilivyosongamana vinatosha.

Mwisho, kishike kijumba chenyewe. Mtoto atakapokibeba, atakinyanyua kwa paa, siku zote. Lile paa linalotoka litoke kwa upole, kwa shingo iliyojificha ndani ya ukuta, lisivute nyasi za ukingoni. Mimi hufunua na kufunika mara 20 mbele ya fundi, kisha napangusa meza kwa kiganja na kuhesabu nyuzi zilizodondoka. Zikizidi tano, namrudishia.