Steringi Anayeumia: Sinema za Ngumi na Kicheko katika Nchi ya Rufiji na Kibiti

Sinema za ngumi zilizochanganywa na vichekesho zimedharauliwa kwa muda mrefu na watu wa elimu. Husemwa kwamba ni ghasia tupu, kwamba hazina maneno ya kupimwa wala fikira ya kufuatwa, na kwamba mtu aliyelelewa kwa tenzi na hadithi hana la kuokota humo. Hata hivyo sinema hizo zimedumu. Katika Tanzania zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya mijini, kisha katika mabasi ya safari ndefu, kisha katika vile vyumba vya kulipia ambavyo watu wenyewe wameviita vibanda umiza. Jambo linalopendwa na watu wengi kwa miaka mingi namna hiyo lastahili kuulizwa sababu yake. Maelezo haya yakusudia kuonyesha kwamba mvuto wa sinema hizo hautoki katika kupiga, bali watoka katika kuumia; na kwamba ukweli huo waonekana vizuri zaidi mtu akizitazama kutoka bonde la Rufiji na Kibiti kuliko kutoka Hong Kong zilikotengenezwa.

Yapasa kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Sinema za ngumi zilipofika Afrika ya Mashariki kwa wingi katika miaka ya 1970, shujaa wao mkubwa alikuwa Bruce Lee. Picha zake, kama vile The Big Boss ya mwaka 1971, Fist of Fury ya mwaka 1972 na Enter the Dragon ya mwaka 1973, ambao ndio mwaka aliofariki, zilimwonyesha mtu mmoja mwenye mikono mitupu akiwashinda wengi. Mwandishi May Joseph ameeleza jinsi picha hizo zilivyopokewa na vijana wa Dar es Salaam wakati wa Ujamaa. Mwili usio na pambo na mkono usio na silaha vilipatana na mafundisho ya kujitegemea na kubana matumizi yaliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Maelezo yake yana nguvu, kwa kuwa yaonyesha kwamba mtazamaji wa Afrika hakumeza picha ngeni kama alivyopewa, bali aliitia katika maisha yake na kuipa maana aliyoihitaji.

Lakini shujaa wa Bruce Lee haumii kama watu wanavyoumia. Katika Enter the Dragon anapokatwa na kucha za chuma za adui yake, huonja damu yake mwenyewe, na tangu hapo huwa mkali zaidi. Jeraha kwake ni kichocheo. Mtazamaji humstaajabia, wala hamcheki, maana hapana cha kucheka kwa mtu asiyeshindwa na maumivu.

Aina ya pili ilipata umbo lake kamili mwaka 1978, kwa picha mbili alizoziongoza Yuen Woo-ping na kuchezwa na Jackie Chan: Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master. Jackie Chan alikuwa amefunzwa tangu utotoni, kwa takriban miaka kumi, katika shule ya maigizo ya Kichina iliyoongozwa na mwalimu Yu Jim-yuen, ambako kupigana, kuimba, kuruka na kuchekesha vilikuwa somo moja. Kijana anayemwigiza katika picha ya kwanza ni yatima na mtumishi, ambaye kazi yake ni kupigwa ili wanafunzi wengine wajifunze kupiga. Katika picha ya pili ni mtoto wa mwalimu mwenye sifa, mtundu, mvivu na mwenye majivuno. Wote wawili hufunzwa na mzee aliyedharauliwa na watu, na wote wawili hupiga mayowe. Wakipigwa hupuliza vidole vyao, hushika viuno vyao na kukunja nyuso zao. Hapo ndipo kicheko kinapoanzia.

Mtazamaji wa Pwani hahitaji kufundishwa mambo haya. Mzee aliyedharauliwa ambaye ndiye mwenye elimu amejaa katika hadithi zake. Mnyonge anayemshinda mwenye nguvu anamjua kwa jina la Sungura, na mjanja anayewaaibisha wakubwa anamjua kwa jina la Abunuwasi. Lakini ulinganisho huo, ambao wengi wangeridhika nao, haufiki mwisho wa jambo. Sungura hushinda kwa hila na mara nyingi hukimbia bila kulipa. Steringi wa Drunken Master hulipa kabla ya kushinda. Yumo katika picha hiyo akining'inizwa kichwa chini, akichota maji kwa vikombe vidogo kutoka chombo kilicho chini na kuyamimina katika chombo kilicho juu yake. Hilo halifanani na werevu wa Sungura. Lafanana zaidi na jando, ambako kijana huingia na majivuno ya utoto na kutoka mtu, na baina ya mambo hayo mawili pana maumivu ambayo wakubwa huyaona na kuyacheka bila chuki. Mafunzo yenyewe hayamtoshi. Katika pambano la mwisho huhitaji mtindo mmoja kati ya mitindo minane ya walevi, nao ndio ule alioupuuza alipofunzwa, kwa kuwa ni mtindo wa kike. Humbidi kuubuni wake papo hapo, kwa aibu na kwa kicheko. Hivyo aliyedharau somo haponi kwa bahati. Huponea katika lile alilolidharau.

Yafaa sasa kuuliza kwa nini mambo haya yawe na uzito wa pekee katika Rufiji. Nchi hii ndiyo ya Ngarambe, ambako Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na ambako mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipata moyo wake. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani mwaka huohuo, na watu wengi mno walikufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969, alilitia swali hili katikati ya mchezo: imani ya mwili usiopenyeka yaweza kuwaunganisha watu waliotengana, lakini nani atalipa gharama yake? Bonde hili, basi, lina historia yake juu ya shujaa asiyeumia, na historia hiyo haikupatikana katika sinema.

Wala huzuni haikuishia huko. Mwaka 2017 majina ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalisikika nchini kote kwa sababu ya mauaji ya viongozi wa vijiji, raia na askari wa polisi. Mtu aweza kuuliza inakuwaje mahali palipomwagika damu pawe na watu wanaocheka picha za ngumi. Swali hilo lina kosa ndani yake, kwa kuwa ladhania kwamba ngumi za sinema hizi na damu ya kweli ni kitu kimoja. Katika zilizo bora miongoni mwake, pigo ni la kuumiza, si la kuangamiza. Adui huanguka, huinuka, hushika mgongo, huanguka tena. Mwili wa mtu waonyeshwa kuwa kitu chepesi kuumia, kwa hiyo kitu cha kuhurumiwa. Kicheko cha namna hii hakiwafundishi watu kuuzoea ukatili. Chawakumbusha kwamba kila mwenye kupiga ana kidole kinachoweza kuuma. Picha inayofaa kuogopwa ni ile ambayo watu huanguka kumi kumi bila hata mmoja kusema amepatwa na nini.

Jackie Chan mwenyewe aliupeleka ukweli huo mbele zaidi. Tangu Dragon Lord ya mwaka 1982 alianza kuweka mwishoni mwa picha zake vipande vilivyoharibika wakati wa kazi: mruko uliokosea, mguu uliovimba, mchezaji anayebebwa na wenzake. Katika Project A ya mwaka 1983, ambayo habari yake ni askari wa majini na maharamia, huning'inia kwenye mkono wa saa juu ya mnara, kisha huachia na kuanguka akipasua vitambaa vya kivuli hadi chini. Na picha yaonyesha anguko hilo zaidi ya mara moja, ili mtu asidhani amedanganywa. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa majigambo. Laonekana zaidi kuwa ukweli wa fundi anayeonyesha vumbi la kazi yake. Tena silaha zake ni vitu vya kawaida: ngazi, kiti, baiskeli, simu. Mvuvi wa delta, ambaye upondo humtumikia katika kina kifupi na kamba moja humtosha kwa kazi nyingi, hataona ajabu mtu akijiokoa kwa kitu kilicho karibu na mkono wake.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapoitwa. Wengi wa watazamaji wa Tanzania hawakuzipokea picha hizi kwa Kikantoni wala kwa Kiingereza. Katika Tanzania bara televisheni ilianza mwaka 1994 tu. Kabla ya hapo na hata baadaye, mkanda na deki ndivyo vilivyoleta sinema karibu na watu. Pakatokea kazi mpya, ya wafasiri wa mikanda, ambao mmoja hutamka maneno ya watu wote, hueleza mahali na desturi, huonya, hukejeli na huongeza. Jina lililovuma kuliko yote ni la Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Na katika Kenya amepata sifa kama hiyo DJ Afro. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza kazi hii, aliipa makala yake jina linaloifananisha na kuugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo ni mzuri, lakini kila mpishi ajua kwamba pilau huharibiwa na viungo vilivyozidi kama vile inavyoharibiwa na viungo vilivyopungua.

Kosa la kwanza la mfasiri ni kutonyamaza. Kicheko cha sinema hizi kina mwendo wake: pigo, kisha kimya kidogo, kisha uso wa aliyepigwa. Kimya hicho ndicho kinachobeba kicheko. Mfasiri akikijaza kwa maneno, hata yawe mazuri, mtazamaji humcheka mfasiri na kumkosa mchezaji. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kumrudishia steringi ushujaa alioukataa. Kijana anayelia kwa maumivu akipewa maneno ya kujigamba, picha hugeuka mara moja. Yule aliyekuwa mtu anayeumia huwa tena mtu asiyepenyeka, na picha hupoteza lile lililoitofautisha na nyingine. Hapo tafsiri haikukosea neno moja tu. Imebadili maadili ya hadithi nzima.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi zaweza kuionea wivu kwa kazi hii, nayo ni tanakali za sauti. Kiswahili hakisemi tu kwamba mtu ameanguka. Huanguka mchangani tifu, majini chubwi, matopeni tapwi. Neno lasikilizia ardhi iliyompokea aangukaye. Kwa watu wa delta, ambao siku yao hupita baina ya mchanga, maji na tope la mikoko, tofauti hizo si pambo la vitabu vya sarufi, ni maarifa ya miguu yao. Mfasiri anayengoja anguko liishe, kisha akatia neno moja la namna hiyo mahali pake, amefanya kazi ya mshairi: ameacha kimya kifanye kazi yake, kisha amekifunga kwa sauti inayofaa. Kwa kipimo hicho wafasiri waweza kuhukumiwa, kuliko kwa kipimo cha uaminifu kwa maneno ya Kichina ambayo pengine wao wenyewe hawakuyasikia.

Ni jambo la kusikitisha kwamba ufasiri huo haujapata nafasi unayostahili katika uchunguzi wa lugha. Vyuo na taasisi vimekusanya tenzi, hadithi, methali na vitendawili, na kazi hiyo yahesabiwa kuwa heshima. Masimulizi ya mikanda nayo ni fasihi simulizi ya wakati wake: yana msimulizi mwenye jina, yana hadhira inayojibu, yana kanuni zake na yana wabovu na wabora wake. Tofauti ni kwamba yamewekwa juu ya kanda za sumaku, nazo huharibiwa na joto na unyevu, mambo mawili ambayo Pwani ina mengi ya kutoa. Kila mkanda unaooza huondoka na namna fulani ya Kiswahili cha miaka ya 1990 ambayo haikuandikwa popote.

Inapasa basi mikanda hiyo itafutwe, inakiliwe na kusikilizwa kwa makini ileile inayopewa maandiko ya kale. Na itafutwe kwa watu wa Kibiti, Ikwiriri, Bungu na vijiji vya delta kama inavyotafutwa Kariakoo. Atakayeifanya kazi hiyo asianze kwa kuhesabu ngumi. Na atafute mahali steringi anapopigwa kidole, kisha asikilize mfasiri amesema nini, au amenyamaza kwa muda gani.