Injini Moja, Kaunti Mbili: Usanifu wa Ushahidi na Utalii wa Nchi ya Chai

Katiba ya 2010 iliukabidhi utalii wa mashinani kwa kaunti. Kwa hiyo Kericho ikiagiza mfumo wake wa kidijitali wa kuelekeza wageni, na Bomet nayo iagize wake, mlipa kodi atagharimia injini ileile mara mbili. Mgeni anayetoka Litein, Kericho, kwenda Tenwek, Bomet, hatambui hata amevuka mpaka wapi.

Njia ya kukwepa hasara hiyo Wakenya walishaionyesha, tena nje kabisa ya utalii. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, Kericho ikiwemo, Ory Okolloh alitoa wazo mtandaoni la kuonyesha ghasia hizo kwenye ramani. David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman wakajiunga naye, na programu ya Ushahidi ikazaliwa. Watu walituma taarifa kwa SMS na barua pepe, zikaonekana kwenye ramani. Toleo hilo lilikuwa la dharura. Usanifu hasa ulikuja baadaye, programu iliposukwa upya ili yeyote aichukue bure. Tetemeko lilipoikumba Haiti, Januari 12, 2010, ramani ya huko iliyotumia programu hiyo ilikuwa hewani saa chache tu baadaye.

Siri yake ni ndogo ajabu. Kila taarifa ina mahali, wakati, maelezo na aina. Vitatu vya kwanza hubaki vilevile popote uendapo. Kinachogeuka ni aina. Basi orodha ya aina huwekwa kwenye hifadhidata, na msimamizi huibadilisha mwenyewe bila kumwita mwandishi wa programu.

Sasa turudi kwenye utalii, tuchukue bustani ya miti ya Chagaik huko Kericho, iliyoanzishwa 1946 na mkulima wa chai, Tom Grumbley. Rekodi yake itataja mahali, saa za kufunguliwa, kiingilio, simu ya mhudumu, na jambo moja ambalo waundaji wengi hulisahau: wakati unaofaa. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri. Mfumo wenye akili utampeleka mgeni bustanini asubuhi, na alasiri umwingize ndani ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Kanuni hiyo ikizikwa kwenye msimbo, mfumo haufai Kilifi. Ikikaa kwenye jedwali, watu wa Kilifi watafuta mvua na kuandika maji kupwa na maji kujaa, basi. Akili bandia inayouzwa kwa bei ya kutisha mara nyingi ingetoshelezwa na jedwali la namna hiyo.

Ziara ya kiwanda cha chai ni ngumu zaidi. Majani mabichi yakiletwa machache, mgeni anaweza kufika akakuta mashine kimya. Hakuna kanuni iliyoandikwa Nairobi itakayolijua hilo. Karani wa kiwanda ndiye anayejua, naye anahitaji njia ya kutuma SMS moja: leo hakuna ziara. Mlango wa kupokelea ujumbe kama huo Ushahidi inao tayari.

Isichokupa ni mtu wa kuhakiki. Nyumba ya wageni iliyofungwa mwaka jana itaendelea kung'aa kwenye ramani mpaka mtu aiondoe, na mtu huyo hulipwa mshahara. Waheshimiwa wa kaunti zote mbili, kabla ya kusaini mkataba wowote wekeni masharti matatu: msimbo uwe huria, data ibaki mali ya kaunti, na mshahara wa mhakiki uwemo kwenye bajeti.