Kuku, Kuku, Kuku
Mwaka 2007, kwenye mkutano wa wanasayansi wa AAAS huko San Francisco, Doug Zongker alitoa mhadhara wa neno moja, kuku kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho. Slaidi zilikuwepo, grafu zilikuwepo, hata swali alilijibu kwa kuku. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi pia hucheka, lakini mzaha huo una makali: mhadhara unaweza kutimiza taratibu zote na usiwe na hoja. Kwetu nimeona wasomi wakitugeuzia mgongo, wakisoma slaidi neno kwa neno, muda ukiisha kabla ya matokeo. Kazi ya miaka, halafu tunatoka tukiulizana, “Kwani amegundua nini?” Zongker angalau alikusudia.