Heko, Fundi wa Chenso

Mafinga, mji unaoishi kwa mbao za msitu wa Sao Hill, chenso haitupwi kwa uzee; hupelekwa uani kwa fundi. Pale, juu ya gunia lililotandazwa, Stihl 070 iliyomzidi umri mwenye nayo hufunguliwa hadi pistoni.

Fundi hakurupuki. Huchomoa plagi kwanza, akaitazama. Ikiwa imelowa, petroli inafika. Ikiwa kavu, huenda kosa liko kwenye kabureta, ambako kiwambo chembamba hukakamaa kwa miaka na kushindwa kuvuta mafuta. Pistoni ikiwa na michirizi, mara nyingi hana haja ya kuuliza: mtu amebania oili. Kwa oili nzuri, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 tu, na bado wapo wanaokadiria kwa jicho!

Ninachomheshimia zaidi ni tupa. Kila jino la mnyororo hupigwa idadi ileile, kulia na kushoto, maana upande mmoja ukizidi makali, msumeno hukata kwa kupinda. Kisha huvuta kamba mara mbili, tatu. Moshi wa samawati unafumka, na kuku wa jirani wanatawanyika.