Kisu cha Moto Hakikuwa Dawa

Mliokitazama kipindi cha ufugaji Jumapili mnajua nazungumzia dakika gani. Mtaalamu anamgeuza tetea, anafunua manyoya chini ya mkia, utitiri umejaa weusi tititi, kisha anatangaza kwamba kinga ya kuku hawa imeshuka. Haya. Halafu anaamuru nini? Wakatwe midomo kwa kisu cha moto, eti wameanza kudonoana!

Mdomo ndio kinga ya kwanza ya kuku dhidi ya wadudu wa manyoyani. Ile ncha ya juu iliyoizidi kidogo ya chini ndiyo inayombana mdudu kuku anapojichambua. Bradley Mullens na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walilionyesha hili mwaka 2010: matetea wa vizimbani waliokatwa midomo walibeba utitiri na chawa wengi kuliko wenye midomo mizima. Kumkata kuku aliyekwisha kuvamiwa ni kumnyang'anya mlinzi rungu wezi wakiwa ukutani.

Kinga ya mwilini ipo, ila haina haraka. Utitiri ukinyonya, ngozi huvimba na kuwa nene, mdudu akapata taabu kuifikia damu. Baada ya wiki kadhaa idadi huanza kushuka. Wapo kuku wanaofika huko mapema kwa urithi wa damu yao. Lakini uvimbe huo hula lishe ambayo ingekuwa mayai, na chawa anayetafuna manyoya na magamba ya ngozi, kinga hiyo humgusa kidogo tu. Kwa hiyo zile chupa za "kuongeza kinga" zilizopangwa mezani Jumapili hazimng'oi chawa hata mmoja.

Mengine aliyoyashauri mtaalamu, chanjo ya kideri kwa wakati, samadi imezolewa, maji safi: hapo sina neno.

Na hawa ni kuku wa vizimbani. Kuku wa bibi zetu alikuwa na mdomo mzima na jivu la jikoni la kuogea. Kideri kilimmaliza, sikatai, lakini chawa wake alipambana nao mwenyewe. Huyu wa kwenye kizimba cha waya hana vumbi, na sasa hana mdomo.

Kama kukata ni lazima, hukatwa kifaranga wa siku 7 hadi 10, si tetea anayetaga. Kazi ya siku ile ilikuwa kupuliza dawa iliyoruhusiwa kwa kuku wa mayai, iingie hadi ngozini chini ya mkia, na kurudia baada ya wiki hivi, kwa kuwa mayai ya utitiri huponyoka mpulizo wa kwanza.